Picha ya Maji Anaitaja, Maji Yenyewe Haombi: Uchambuzi wa Kisa cha Kumfundisha Lugha Mtoto Mwenye Usonji, Moshi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mtoto wa kiume ambaye hapa nitamwita Eli. Jina si lake, na mambo kadhaa ya familia yake nimeyabadilisha au kuyaondoa ili asitambulike. Wazazi wake wamesomewa andiko hili na wameridhia litumike kufundishia. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, kwa hiyo kazi ya kuwafundisha lugha watoto wenye usonji (autism) mara nyingi hutuangukia sisi, tukiwa na mafunzo ya kutosha katika baadhi ya mambo na ya kuokoteza katika mengine. Makosa yanayosimuliwa humu mengi ni yangu.

Usuli

Eli aliletwa akiwa na miaka minne na miezi mitatu. Familia yake inaishi pembezoni mwa Moshi, kwenye kihamba cha ukoo, nyumba mbili zikitazamana katikati ya migomba. Baba ni dereva wa magari ya watalii na hukaa safarini siku nane hadi kumi mfululizo. Mama anauza mitumba na huondoka alfajiri. Aliyeshinda na Eli ni bibi yake mzaa baba, ambaye huzungumza naye Kichagga, na kuanzia saa tisa alasiri dada yake wa miaka tisa, akirudi shule.

Masikio yalikuwa yamepimwa na kuonekana mazima, jambo linalopaswa kutangulia mengine yote. Usonji ulikuwa umethibitishwa hospitalini miezi mitano kabla. Kabla ya hapo familia ilikuwa imepita njia ambayo wengi wetu tunaijua: waliosema watoto wa kiume huchelewa kusema, na jirani aliyeshauri akatwe kimeo. Mama alikataa kimeo, na alikataa vizuri.

Sauti Eli alikuwa nayo. Aliimba wimbo wa katuni ya Kiingereza kutoka kwenye simu, alihesabu moja hadi ishirini, na alirudia tangazo la redio kwa mapozi yale yale ya mtangazaji. Kilichokosekana ni neno linalofanya kazi. Alipotaka kitu alimshika mtu kiganja, akamvuta na kuuweka mkono wa mtu huyo juu ya kitu, kana kwamba mkono ni chombo kisicho na mwenyewe. Asipoeleweka alijing'ata kifundo cha mkono. Ukimuuliza “Unaitwa nani?” alijibu “Unaitwa nani,” na ukimwambia “Sema shikamoo,” alisema, kwa heshima zote, “Sema shikamoo.”

Miezi miwili ya mezani

Baba alikuja na karatasi aliyoichapa kutoka intaneti. Ilieleza utafiti wa mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliotolewa mwaka 1987: watoto 19 waliofundishwa takribani saa 40 kwa wiki kwa njia ya kitabia, yaani kwa kuangalia kinachofuata baada ya kila tendo la mtoto, na 9 kati yao wakaishia kusoma darasa la kawaida na kupata alama za akili za kiwango cha kawaida. Baba aliuliza kama saa hizo 40 tunaweza kuzipata. Nilimweleza kwamba hatuwezi, na nikamweleza pia yale ambayo karatasi haikuyasema: kwamba watoto hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, jambo linalodhoofisha ulinganisho, na kwamba mafunzo yale yalijumuisha kukaripia kwa sauti kali na hata kumpiga mtoto kofi la paja. Tulikubaliana saa moja mara nne kwa wiki, bila adhabu ya aina yoyote, na kwamba mtoto akilia kipindi kinakoma.

Mbinu yenyewe tuliifuata kama inavyofundishwa. Mtoto na mwalimu hukaa wakitazamana, meza ndogo katikati, mwalimu huonyesha picha na kuuliza “Hii ni nini?”, husubiri kidogo, husaidia kwa kidokezo (“Sema: mpira”), na jibu likiwa sahihi hutoa tuzo papo hapo. Tuzo ya Eli ilikuwa karanga moja na kupigiwa makofi. Kila jaribio lilirekodiwa, na mstari wa maendeleo ulipanda vizuri. Kufikia wiki ya tisa alikuwa anataja picha 34, ikiwemo ya maji, ya ndizi na ya bembea. Mama alimrekodi video na kuituma kwa ndugu wote.

Katika miezi hiyo hiyo nilifanya jambo jingine ambalo sikulirekodi mahali popote: nilimwomba bibi aache Kichagga na azungumze na Eli Kiswahili peke yake, ili mtoto asichanganyikiwe.

Siku ya koki

Wiki ya tisa nilienda nyumbani kwao kwa sababu mama alikuwa amesema kitu kilichonikaa: “Picha ya maji anaitaja, maji yenyewe haombi.” Nilifika saa nane mchana. Jikoni kulikuwa na ndoo nyeupe yenye koki, imewekwa juu ya kigoda. Eli aliingia, akanishika kiganja, akanivuta mpaka kwenye ndoo na kuubandika mkono wangu juu ya koki. Nilifurahi, nikidhani ndiyo nafasi niliyokuwa naingoja.

“Unataka maji?” nikamuuliza.

“Unataka maji.”

“Sema: maji.”

“Sema maji.”

Nikachota kikombe, nikampa. Alikitazama, akakirusha sakafuni na kuanza kujing'ata. Bibi, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni bila kusema neno, alinyanyuka, akafungua koki nusu, akauweka mkono wa Eli chini ya mchirizi. Mtoto akatulia, akiangalia maji yakipita katikati ya vidole vyake. “Hataki kunywa,” bibi alisema. “Anataka yanavyoanguka.”

Nilikuwa nimefundisha kwa wiki tisa, na katika dakika hizo nne niliona kwamba sijui mtoto huyu anataka nini, kwamba maneno yake 34 yalikuwa majibu ya swali langu na si ya haja yake, na kwamba neno “sema” alikuwa amelichukua kuwa sehemu ya neno lenyewe.

Tulichobadilisha, na sababu zake

Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa tabia B. F. Skinner alipendekeza kwamba neno lisihesabiwe kwa umbo lake bali kwa kinacholizaa na kinacholifuata. Kwa mtazamo huo “maji” ya kuomba, “maji” ya kutaja picha, “maji” ya kurudia alichosema mwingine na “maji” ya kujibu swali “Unakunywa nini?” ni mambo manne, na mtoto anayeweza moja hana lazima ya kuweza lingine. Mwaka 1959 mwanaisimu Noam Chomsky aliishambulia nadharia hiyo kama maelezo ya namna binadamu anavyopata lugha, na kwa upande wa sarufi naona alikuwa na hoja nzito. Lakini kama ramani ya kumsaidia mwalimu ajue amefundisha nini na hajafundisha nini, mgawanyo huu ndio ulionionyesha kosa langu: nilianza na kutaja, ambako faida yake kwa mtoto ni karanga, nikaacha kuomba, ambako faida yake ni kile kile anachokitaka.

Kwa hiyo wiki ya kumi meza iliondolewa. Kwa siku tano bibi na dada walitazama tu, na kila Eli alipomvuta mtu au kung'ang'ania kitu, dada aliweka alama kwenye daftari. Orodha haikufanana na yangu. Karanga hazikuwemo. Yalikuwemo mchirizi wa koki, bembea ya kamba kwenye mparachichi, kubebwa mgongoni, puto likiachiwa hewa, na mfuniko wa sufuria ukizungushwa sakafuni. Hivyo vitano ndivyo tulivyoanza navyo, na mafunzo yakahamia palipokuwa na kitu chenyewe, kwa utaratibu ambao Betty Hart na Todd Risley waliueleza miaka ya sabini kutokana na kazi yao na watoto wa chekechea huko Kansas: mazingira yanapangwa ili mtoto atake kitu, anangojwa, na kutaka kwake ndiko kunakofungua somo.

Swali gumu lilikuwa kidokezo. Katika Kiswahili swali la ndiyo au hapana na kauli huweza kutofautiana kwa kiimbo tu, “Unataka maji?” na “Unataka maji” zina maneno yale yale. Mtoto mwenye usonji anayerudia alichosikia husikia “unataka maji,” kisha maji yanakuja, na kwa mantiki isiyo na kasoro yoyote anajifunza kwamba hayo ndiyo maneno yanayoleta maji. Daktari wa akili wa watoto Leo Kanner, alipoeleza watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, alikwisha kuona kwamba wanajiita “wewe” kwa kuwa ndivyo walivyosikia. Kwa lugha yetu jambo hilo limejificha ndani ya kitenzi, katika kiambishi kimoja, na ni rahisi mzazi kulichukulia kuwa ni kosa dogo la matamshi.

Tulifanya mambo mawili. La kwanza, tulipiga marufuku swali na neno “sema” wakati wa kuomba. La pili, tuliazima mpangilio kutoka kwa mfumo wa kubadilishana picha ulioanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware mwaka 1985, ambapo watu wazima wawili hugawana kazi: mmoja yuko mbele na kitu anachokitaka mtoto, mwingine yuko nyuma na humsaidia kutoa ombi. Kwao, aliye nyuma huongoza mkono wa mtoto bila kusema; kwetu sisi aliye nyuma alikuwa dada, na kazi yake ilikuwa kunong'ona neno lile tu ambalo Eli angepaswa kulisema. Bibi alishika koki, akamtazama, akanyamaza. Dada alinong'ona “koki.” Eli akasema “koki,” na maji yakaanguka hapo hapo. Baada ya siku chache dada alianza kuchelewa, akihesabu moyoni hadi tano kabla ya kunong'ona, na siku ya kumi na moja Eli alimtangulia.

Kuhusu umbo la ombi tulibishana. Nilitaka tukianza kuunganisha maneno atumie “nataka,” kwa kuwa ndivyo ilivyo kwenye vitini vingi. Tatizo ni kwamba hakuna mtu mzima anayemwambia Eli “nataka maji”; hulisikia umbo hilo mara chache. Nikapendekeza “nipe,” kwa sababu “nipe” husemwa na anayetaka, awe mkubwa au mdogo, na kiambishi chake hakimlazimishi mtoto kugeuza nafsi. Bibi alikataa katakata. Alisema mtoto wa nyumba yake hatazungumza kama anayedai deni, atasema “naomba.” Nilimjibu kwa upole kwamba adabu ingeweza kusubiri. Wiki hiyo hiyo nilisimama na Eli na dada yake dukani kununua sabuni, na nikasikiliza: naomba sukari nusu, naomba vocha, naomba chenji yangu. Kila aliyefika alianza na “naomba,” na kila aliyesema alipewa. Sijui darasa gani lingempa mtoto mifano mingi hivyo kwa nusu saa. Bibi alishinda, tena kwa hoja ya kitabia kuliko yangu.

Siku hiyo hiyo nilimwomba radhi kuhusu Kichagga. Bibi hakuwa amehamia Kiswahili. Alikuwa amenyamaza, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani, si cha kubembelezea mtoto. Ushauri wangu ulimpunguzia Eli lugha badala ya kumpunguzia mkanganyiko, wakati tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha mbili na wa lugha moja hazijaonyesha kwamba lugha ya pili huwarudisha nyuma. Bibi alirudi kwenye Kichagga chake kuanzia wiki ya kumi na mbili.

Tuliongeza pia neno la kukataa. Mtoto anayejing'ata mara nyingi anasema jambo, na kumnyang'anya njia hiyo bila kumpa nyingine si mafunzo. “Sitaki” iliwaudhi wakubwa, “basi” ikakubalika. Masharti yalikuwa magumu kwetu kuliko kwake: akisema “basi,” bembea inasimama, kuogeshwa kunasimama kwa muda, hata kama mama amechelewa sokoni. Kwa siku ambazo sauti haikutoka kabisa tulimtengenezea kadi ya choo na ya koki, zikining'inia kwenye kamba mlangoni. Baba aliogopa kwamba kadi zingemfanya asiseme. Uzoefu wa tafiti na wa Eli mwenyewe haukuthibitisha hofu hiyo.

Shikamoo tuliiacha mwisho, na wageni waliombwa wasimlazimishe. Hili ndilo lililomgharimu baba zaidi, maana ndilo neno alilolitaka kuliko yote.

Matokeo

Baada ya miezi minane Eli alikuwa anaomba vitu na shughuli 41 bila kunong'onewa, nyingi kwa neno moja, kumi hivi kwa “naomba” mbele yake, ambayo mara nyingi hutoka kama “omba”: omba koki, omba puto. Kujing'ata kulipungua kutoka mara kadhaa kwa siku hadi mara moja au mbili kwa wiki. Picha alizokuwa ametaja mezani alizisahau karibu nusu, na hakuna aliyezililia.

Maendeleo hayakuwa mstari mnyoofu. Bibi alipokwenda Machame msibani kwa wiki mbili, maombi yalishuka sana, na aliporudi ilichukua wiki tatu kufikia tulipokuwa. Kila baba alipotoka safarini na kumpokea mwanawe kwa “Unataka nini, mwanangu?”, “unataka” ilirudi kwa siku mbili tatu. Chekechea, Eli hujibu “Hii ni nini?” vizuri kuliko wenzake wengi, lakini akiulizwa “Umekula nini?” hurudia swali. Na shikamoo imekuja yenyewe, kwa namna yake: akimwona mzee husema kwa pumzi moja “shikamoomarahaba,” akaenda zake. Bibi huitikia hivyo hivyo marahaba nyingine.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilikuwa kuanzia kwenye kutaka kwa mtoto, na hilo lilitegemea watu wawili ambao mpango wangu wa kwanza haukuwa na nafasi yao. Dada wa miaka tisa alikuwa mnong'onezaji bora kuliko mimi kwa sababu hakuwa na haraka ya kuona matokeo. Bibi alijua tofauti ya maji na mchirizi kabla sijafika. Kama ningekaa naye siku moja katika wiki ya kwanza, wiki tisa za mezani zingekuwa mbili au tatu. Neno “maji” lenyewe lingetuharibia kazi: tungempa kikombe kila alipolisema, angepata asichokitaka, na angejifunza kwamba kusema hakusaidii.

Meza yenyewe siilaumu moja kwa moja. Ilimfundisha Eli kukaa, kusikiliza na kuiga sauti kwa usahihi, na bila kuiga huko kunong'ona kwa dada kusingezaa kitu. Kosa lilikuwa kuifanya mwanzo na mwisho, na zaidi ya hapo lilikuwa kwenye fomu yangu ya kumbukumbu. Fomu ilikuwa na safu ya “sahihi,” ya “kwa kidokezo” na ya “si sahihi.” Haikuwa na safu ya neno lililosemwa bila kuulizwa. Kwa hiyo mstari ulipanda wiki baada ya wiki ukipima utii, na mimi na wazazi tuliutazama tukidhani unapima lugha. Ningemwambia yeyote anayeanza kazi hii aichore safu hiyo kabla ya zote.

Suala la kuwaudhi wakubwa lilinifunza kutofautisha. Pingamizi la “nipe” lilitufikisha kwenye neno bora. Ombi la kumlazimisha shikamoo halikuwa hivyo, kwa kuwa manufaa yake yote yalikuwa ya wakubwa, na Eli alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba shinikizo humpa neno “sema” tu. Wapo watu wazima wenye usonji, hasa Ulaya na Marekani, wanaoeleza kwamba mafunzo ya kitabia waliyopitia utotoni yaliwafundisha kuonekana kama wengine kwa gharama ya nafsi zao. Sikubaliani na wanaoikataa njia yote, ila “basi” ya Eli ndiyo jibu langu kwao: tulipima mafunzo pia kwa mara ambazo mtoto aliyasimamisha nasi tukatii.

Lililobaki gumu ni maneno ya ndani ya mwili. Koki inaonekana, dada anaweza kusimama nyuma na kujua ni neno gani la kunong'ona. Maumivu hayaonekani. Skinner aliliandikia tatizo hili mwaka 1945: jamii inamfundishaje mtu neno la kitu ambacho yeye peke yake anakihisi? Watoto wengi hulipata neno hilo kwa kubahatisha kwa mama, “Unaumwa? Unaumwa wapi?”, na kwa Eli swali hilo ndilo mtego ule ule. Mwezi uliopita alimwendea bibi ameshika sikio, akasema “Unaumwa.” Bibi alielewa, akampeleka zahanati, na sikio lilikutwa na usaha. Kiambishi kilikosewa na ujumbe ulifika, lakini mwalimu wa chekechea au mhudumu asiyemjua angedhani mtoto anamuuliza yeye. Tangu hapo, akianguka au akijikwaa penye kuonekana wazi, dada hukaa kando yake, hugusa goti lililochubuka na kusema polepole “naumwa,” bila kuuliza. Mpaka naandika haya Eli amelisema mara mbili, zote mbili akiwa chini ya mparachichi, damu ikionekana.